Kibaba, Pishi na Shahada

Katika miaka yangu ya ualimu nimetoa alama nyingi mno, na nyingi katika hizo nimezisahau. Zipo mbili ambazo sijazisahau. Nilizitoa kwa mtu mmoja, katika miaka miwili iliyofuatana, na ingawa zote nilizitoa kwa kufuata taratibu, hakuna hata moja iliyokuwa ya haki. Ya kwanza ilikuwa ndogo mno. Ya pili ilikuwa kubwa mno.

Nazieleza hapa kwa sababu mwaka 2022, nikiwa nimekwisha kustaafu miaka kumi na mitatu, niliitwa katika mkutano wa chuo kikuu kimoja kusaidia kuandika yale yanayoitwa siku hizi matokeo ya kujifunza, yaani mambo ambayo mhitimu wa shahada fulani anapaswa aweze kuyafanya. Nilikwenda nikidhani ninakwenda kutoa ushauri. Kumbe nilikuwa ninakwenda kukutana tena na swali lilelile nililolikosea nikiwa kijana.

Nilimaliza stashahada ya ualimu mwaka 1974, na miaka mitatu baadaye nikahamishiwa chuo cha ualimu kuwa mkufunzi. Ilikuwa ndiyo miaka ya Elimu ya Msingi kwa Wote. Taifa lilikuwa limeamua kuwa kila mtoto aende shule, na walimu walihitajika kwa maelfu. Sisi wakufunzi tulikuwa vijana, na tulijivunia kuwa na elimu mpya. Sehemu kubwa ya elimu hiyo mpya ilihusu namna ya kuandika shabaha ya somo. Tulifundishwa, nasi tukafundisha, kuwa maneno kama “kujua” na “kuelewa” hayafai kabisa katika andalio la somo, kwa kuwa hakuna awezaye kuona mtu akijua. Shabaha sharti itaje tendo linaloonekana: kutaja, kuchora, kukokotoa, kutofautisha. Isitoshe, iseme tendo hilo litafanyika katika hali gani na kwa kiwango gani.

Mwaka 1978 nilitumwa kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi iliyo chini ya milima ya Usambara. Huko nilimkuta mwanachuo mmoja ambaye nitamwita Juma, ingawa hilo si jina lake. Alikuwa na kipindi cha hisabati darasa la nne, mada ikiwa vipimo vya ujazo. Andalio lake lilikuwa na mstari mmoja tu wa shabaha: “Wanafunzi wajue vipimo.” Niliusoma mstari huo, nikaupigia alama ya kosa kabla kipindi hakijaanza.

Juma aliwatoa watoto nje, akawaketisha chini ya mwembe. Alikuwa na kibaba na pishi alivyoazima kwa bibi mmoja jirani, kopo la lita moja la shule, na madebe mawili. Debe la kwanza lilikuwa la shule. La pili aliliazima kwa mnunuzi wa mahindi aliyekuwa akipita kijijini msimu ule. Watoto walipima mahindi kwa kibaba, wakaona vibaba vinne vinajaza pishi. Kisha wakapima debe la shule kwa lile kopo, wakahesabu kwa sauti hadi lita kumi na nane. Walipopima debe la mnunuzi, hesabu ilifika kumi na nane, ikapita, ikaishia ishirini. Mtoto mmoja aliligeuza lile debe, akaona kuwa kitako chake kimegongwa kutoka ndani hata kikatuna nje kama tumbo.

Kulikuwa na kimya. Halafu msichana mmoja aliyekaa pembeni akasema, “Basi baba akiuza madebe tisa, anatoa la kumi bure.”

Nilihesabu kwenye karatasi yangu. Lita mbili mara tisa ni lita kumi na nane. Msichana alikuwa sahihi, naye alihesabu kichwani.

Msomaji atadhani kuwa hapo nilisimama nikampongeza Juma. La hasha. Nilikuwa na fomu ya ukaguzi mkononi, na fomu ile ilikuwa na vipengele vyake. Shabaha zinapimika? Hapana. Hatua za somo zimeandikwa kwa mpangilio? Hapana. Muda umezingatiwa? Hapana, kwa maana kengele ililia watoto wakiwa bado wanabishana. Nilijumlisha, nikapata alama iliyo chini ya kiwango cha kufaulu. Juma alitakiwa kurudia mazoezi ya kufundisha mwaka uliofuata.

Mwaka 1979 nilimkagua tena, katika shule nyingine. Andalio lake safari hii lilikuwa safi kama nguo ya Idi: “Baada ya kipindi cha dakika 40, wanafunzi wanane kati ya kila kumi waweze kutaja vipimo vitatu vya ujazo bila kukosea.” Watoto walikaa wima, mikono mezani. Juma aliuliza, wakaitikia kwa pamoja: kibaba, pishi, debe. Aliwanyooshea kidole mmojammoja, wakataja. Kengele ilipolia, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Hakuna aliyegusa kopo wala debe. Nilimpa alama ya juu kabisa niliyopata kumpa mwanachuo yeyote mwaka ule.

Ni vema sasa nieleze fomu yangu ile ilitoka wapi, kwa kuwa haikutungwa chuoni petu. Safari yake ilikuwa ndefu, na ilianzia katika elimu ya juu.

Kati ya mwaka 1933 na 1941 huko Marekani ulifanywa uchunguzi mkubwa uliozihusisha shule za sekondari zipatazo thelathini. Vyuo vikuu vilikubali kuwapokea wahitimu wa shule hizo bila kuwadai masharti ya kawaida ya kuingilia, ili shule ziwe huru kujaribu njia mpya za kufundisha. Lakini uhuru ule ulizua swali: kama mitihani ya zamani imewekwa kando, tutajuaje kuwa wanafunzi wamejifunza? Kazi ya kutafuta jibu aliongoza Ralph Tyler. Yeye aliwaambia walimu: kwanza semeni mnataka mwanafunzi abadilike vipi, ndipo tutafute njia ya kuona kama amebadilika. Mwaka 1949 alitoa kitabu kidogo chenye maswali manne. Tunataka kufikia nini? Ni uzoefu gani utatufikisha? Uzoefu huo upangwe vipi? Tutajuaje kuwa tumefika? Sijaona mtaala wowote uliofanikiwa kuyakwepa maswali hayo.

Mwanafunzi wake mmoja, Benjamin Bloom, aliongoza kundi la watahini wa vyuo na vyuo vikuu, na mwaka 1956 wakatoa orodha ya ngazi sita za kufikiri: maarifa, ufahamu, matumizi, uchambuzi, usanisi na tathmini. Wengi wetu tulidhani orodha hii ilitungwa kwa ajili ya shule za watoto. Kumbe ilitungwa na watu waliokuwa wakitahini vijana wa vyuo, na shabaha yao moja ilikuwa kuona jinsi maswali mengi ya mitihani yanavyong’ang’ania ngazi ya kwanza, ile ya kukumbuka tu. Kisha mwaka 1962 Robert Mager akaandika juu ya sehemu tatu za shabaha: tendo, masharti na kigezo. Hapo ndipo zilipotoka “dakika 40” na “wanane kati ya kumi” za Juma.

Kila kituo katika safari hii kilikuwa na busara yake. Tyler aliuliza kwa upana. Bloom alitaka tupande ngazi. Mager alitaka tuseme wazi. Lakini kitu kikipita katika mikono mingi, aghalabu kinachobakia ni kile kilicho rahisi kushikika. Mimi nilipokea fomu. Ngazi za Bloom zilinifikia kama orodha ya vitenzi vya kukariri. Nikamwadhibu kijana aliyewafikisha watoto kwenye uchambuzi kwa sababu aliandika kitenzi cha ngazi ya chini, kisha nikamtuza alipowashusha hadi ngazi ya chini kwa kitenzi kinachoonekana.

Haki inanidai niseme pia kuwa hapa kwetu hatukukosa watu waliolionya taifa juu ya jambo hili. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kuwa mitihani yetu ilipima uwezo wa mtu kukariri mambo na kuyatoa anapoulizwa, wala haikupima fikra, tabia au moyo wa kutumikia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likajaribu kutoa dawa. Mtihani wa mwisho usiwe hakimu wa pekee. Kazi za mwanafunzi za kila siku nazo zihesabiwe. Kwa upande wa chuo kikuu, kijana aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza afanye kazi, na waliofanya kazi naye watoe ushuhuda wao juu yake.

Dawa ile ilikuwa na shabaha njema, lakini ilipata mikasa yake. Nilipokuwa mkuu wa shule, tangu 1986, niliona kuwa alama za kila siku zikishaanza kuhesabiwa katika matokeo ya taifa, katika baadhi ya shule huanza kunenepa. Mwalimu anayempenda mwanafunzi wake hataki kumwangusha. Nami sikuwa malaika. Utaratibu wa kupeleka watu kazini kabla ya chuo kikuu nao ulilegezwa, hatimaye ukaachwa. Hata hivyo swali lililoulizwa Musoma lilikuwa swali sahihi: nani mwingine, zaidi ya karatasi ya mtihani, anaweza kushuhudia kuwa mtu huyu ameelimika?

Kwa muda mrefu chuo kikuu chenyewe hakikulazimika kujibu swali hilo kwa maandishi. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, shahada zake zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kila kimoja kikasimama peke yake. Ubora ulilindwa kwa jina la chuo na kwa watahini wa nje waliokuja kusoma majibu ya wanafunzi. Wahitimu walikuwa wachache. Mwajiri aliweza hata kumfahamu profesa aliyemfundisha kijana anayemwajiri.

Jambo hilo halikuweza kudumu. Tangu miaka ya tisini vyuo vikuu viliongezeka, vya umma na vya binafsi. Mwaka 2005 peke yake, vyuo vikuu vishiriki viwili vya elimu vilianzishwa, kimoja Chang’ombe mahali palipokuwa chuo cha ualimu, kingine Mkwawa, Iringa, mahali palipokuwa shule ya sekondari. Vyuo vikiwa vingi namna hiyo, jina pekee halitoshi kumwambia mzazi au mwajiri kilichomo ndani ya shahada. Bara la Ulaya nalo lilikuwa na tatizo linalofanana na hilo. Mwaka 1999 mawaziri wa nchi 29 walitia sahihi tamko huko Bologna ili shahada za nchi moja zieleweke katika nyingine. Kazi iliyofuata iliwafanya waanze kueleza shahada kwa yale ambayo mhitimu anaweza kuyafanya, badala ya kutaja tu miaka aliyokaa darasani.

Kwetu, Tume ya Vyuo Vikuu ilianzishwa chini ya sheria ya mwaka 2005, na mwaka 2012 ikatoa mfumo wa tuzo wenye ngazi kumi, shahada ya kwanza ikiwa ngazi ya nane. Kila ngazi ikaelezwa kwa maarifa, stadi na umahiri. Masomo yakahesabiwa kwa krediti, kila krediti ikiwa saa kumi za kazi ya mwanafunzi, ndani na nje ya darasa. Na vyuo vikatakiwa, vinapotunga au kuhuisha mitaala, viwasikilize wadau.

Hivyo ndivyo mimi, mdau mzee, nilivyojikuta mezani mwaka 2022. Programu iliyojadiliwa ilikuwa shahada ya ualimu. Tulipewa karatasi yenye matokeo ya kujifunza kumi na manne. Asubuhi nzima ilikwenda katika vitenzi. “Kuelewa” kulifutwa, pakaandikwa “kueleza”. “Kueleza” kulionekana kuwa kwa ngazi ya chini mno kwa shahada, pakaandikwa “kutathmini kwa kina”. Nilitabasamu peke yangu. Miaka zaidi ya arobaini ilikuwa imepita, na kalamu nyekundu ilikuwa bado inapita juu ya maneno yaleyale.

Baada ya chakula cha mchana, mhadhiri mmoja kijana, binti aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, alinijia.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Naomba uangalie kitu.”

Alinionyesha tokeo la sita katika orodha yetu: mhitimu aweze kubuni somo linalotumia mazingira ya mwanafunzi. Kisha akanionyesha karatasi za mitihani ya somo hilohilo kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza swali lilikuwa: “Taja sifa tano za andalio bora la somo.” Mwaka wa pili: “Eleza umuhimu wa kutumia mazingira katika ufundishaji.” Mwaka wa tatu ni sifa tena, safari hii sita. Hakukuwa na mahali popote ambapo mwanachuo alitakiwa kubuni somo hata moja.

“Wanafaulu?” nikamwuliza.

“Karibu wote, Mwalimu.”

Nilimwona Juma wangu wa mwaka 1979, na watoto wakiitikia: kibaba, pishi, debe.

Nilipopewa nafasi ya kusema, sikuzungumzia vitenzi. Nilisimulia habari za yule msichana na debe, na habari za alama zangu mbili. Kisha nikaomba tuchukue kila tokeo, tuliweke kando ya mtihani wake na kando ya kazi wanazopewa wanachuo, tuone kama vitatu hivyo vinazungumza lugha moja. John Biggs, msomi wa Australia, alilifafanua jambo hili vizuri mwaka 1996: kinachotakiwa, kinachofanyika darasani na kinachopimwa sharti vivutane upande mmoja, maana mwanafunzi hasomi mtaala, anasoma mtihani. Tulipomaliza zoezi hilo jioni, kati ya matokeo kumi na manne tulikuta matano tu yenye kipimo kinachostahili. Mengine yalikuwa maneno mazuri yasiyo na mlinzi.

Kuna wanaosema kuwa dawa ni kuyatupa matokeo haya yote, kwa kuwa elimu ya kweli haitabiriki. Lawrence Stenhouse wa Uingereza aliandika mwaka 1975 kuwa kadiri elimu inavyofanikiwa kumwingiza mtu katika maarifa, ndivyo atakachokifanya kinavyokuwa kigumu kutabirika. Naona ukweli mkubwa hapo. Juma hakupanga kwamba mtoto agundue wizi wa mnunuzi, wala hakuna kitenzi ambacho kingelitabiri neno la yule msichana. Hata hivyo sikubali kwamba tuyatupe. Kijana wa kijijini ambaye wazazi wake wameuza ng’ombe ili asome anastahili kuambiwa kwa maneno ya wazi anakwenda kupewa nini. Mtoto wa tajiri chuo kikimfundisha vibaya, ana wajomba wa kumtafutia kazi. Mtoto wa maskini ana shahada yake tu. Tokeo la kujifunza ni ahadi, na ahadi humlinda zaidi asiye na mtu.

Lakini ahadi hupimwa kwa utekelezaji. Kwa wale wanaoandika mitaala leo nina maneno matatu ya mzee. La kwanza, andikeni machache. Matokeo sita yanayopimwa kwa dhati ni bora kuliko kumi na manne ya kumridhisha mkaguzi. La pili, mpimeni mtu akifanya kile mlichosema ataweza kukifanya. Kama ni kufundisha, afundishe. Kama ni kupima ardhi, apime ardhi. Na mwenye kumpima awe na macho ya kuona hata jema lisilokuwamo katika fomu. La tatu, rudini baada ya miaka mitatu mkaulize alikoajiriwa. Katika miaka yangu ishirini na mitatu ya ukuu wa shule nilipokea walimu wengi wenye shahada. Wengine walikuwa hodari kuliko cheti chao, wengine cheti chao kiliwazidi. Hakuna chuo hata kimoja kilichopata kuniandikia kuniuliza.

Juma nilikutana naye mwaka 1994 katika semina ya wakuu wa shule. Yeye alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, tena mwenye sifa njema. Alinisalimu kwa heshima, akaniambia mbele ya wenzake, “Huyu ndiye aliyenifundisha kuandika shabaha.” Wenzake walicheka kwa furaha. Mimi nilimshukuru, nikatafuta mahali pa kutazama.

Tulipokuwa tunaagana nilijikaza nikamwuliza kama bado anawatoa watoto nje kupima madebe. Alifikiri kidogo.

“Siku ambazo hakuna mkaguzi, Mwalimu,” akanijibu.

Nililisimulia jibu hilo pia katika mkutano ule wa 2022, na yule binti mhadhiri akaliandika katika daftari lake. Mtihani wa tokeo la sita umekwisha badilishwa: mwanachuo hupelekwa katika shule, hupewa mada, na hubuni somo kwa vitu vilivyopo pale. Mwaka jana nilialikwa kuwa mmoja wa watazamaji. Nilipewa fomu. Niliiweka chini ya kiti, nikatazama kwanza watoto. Na kipindi kilipokwisha, ndipo nikaiokota na kuijaza.